Shairi Nililolitia Kilema

Tulipoachana wiki jana, wasomaji wangu, nilikuwa nimekaa sakafuni, katika chumba changu cha kupanga, simu mkononi, nimekwisha kufuta kila shairi nililowahi kuliweka mtandaoni.

Kwa aliyekosa gazeti lile, habari ni fupi. Mimi ni fundi wa makochi. Ushairi nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vilivyong'oka majalada, nikihesabu mizani kwa nyundo. Washairi wenzangu wananiita Kiberiti, na sababu mtaiona wenyewe. Shairi langu la kiti cha marehemu baba, na bonde alilokiachia kwa kukikalia, ndilo lililobeba jina la kitabu changu cha kwanza. Mara likaibukia kwenye ukurasa wa mtu anayejiita Mwanana; nililitambua kwa mstari wa kwanza, kwa hasira sikuendelea kusoma. Maelfu wanampongeza, na jina langu halipo hata la dawa.

Nilimtukana kwa maneno ya kawaida. Nikamtukana kwa beti. Kimya. Ndipo nikafuta vyangu vyote, asipate cha kuiba tena.

Kulipokucha akanipigia Mhariri wa kitabu changu. Mwanana alikuwa amemwandikia neno moja tu: shairi lile si la Kiberiti.

"Njoo ofisini na ushahidi," Mhariri akasema. "Kitabu kinaingia mtamboni. Sichapi kitu chenye ugomvi."

Mlidhani nililia? Nilicheka. Nilikuwa na mtego.

*

"Unacheka nini peke yako?" Fundi Mkuu aliniuliza karakanani. Kinywa chake kilikuwa kimejaa misumari, kama kawaida. "Kochi la watu halijavishwa mgongo."

"Fundi, nimemnasa."

"Panya?"

"Mwizi wa shairi."

Akatemea misumari kiganjani. "Shairi nalo linaibwa? Si liko palepale ulipoliacha?"

"Ndio ubaya wake, fundi. Likiibwa linabaki. Unabaki nalo, unalitazama, na si lako tena."

Akanitazama kama mtu anayetazama homa.

"Sikiliza," nikamwambia. "Wewe kila kochi likitoka hapa, si unapiga msumari mmoja kwa upande, ndani kabisa, mahali pasipoonekana? Mtu akichukua kochi lako akadai kalitengeneza yeye, unalifungua unamwonyesha msumari."

"Eeh. Huo ni muhuri wangu."

"Na mimi nina wangu. Mstari wa shairi una vipande viwili, kila kipande silabi nane. Nane kwa nane, usipungue, usizidi. Sasa kila shairi, kabla sijalipandisha mtandaoni, navunja mstari mmoja mguu. Naupunguzia silabi. Mzima naubakiza hapa." Nikajigonga kichwa. "Mwizi akilibeba, anabeba na kilema chake. Siku ya hukumu nasema: haya, mwenye mali ataje mstari mzima."

Fundi Mkuu akafikiri kidogo, akiokota misumari mmojammoja kuirudisha mdomoni.

"Na mwizi akiwa fundi, akaunyoosha?"

"Mwizi hawezi kuwa fundi."

"Mh. Mimi nimewaona wezi wanaoshona kukushinda wewe. Nenda, lakini ukirudi ule mgongo uuvishe."

*

Ofisi ya Mhariri iko juu ya duka la rangi, na ngazi zote zinanuka tapentaini. Nilizipanda mbilimbili. Ndani nilimkuta Mhariri nyuma ya rundo la miswada, miwani kwenye nywele, na pembeni yake Mwenyekiti wa chama cha washairi, mzee wa kofia safi na fimbo nyembamba, mtu ambaye akisema shairi ni zuri, basi ni zuri.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Nimeitwa kuamua."

"Hakuna cha kuamua, mzee. Ni cha kusikiliza tu."

Mhariri akashusha miwani. "Kiberiti, jiwashe taratibu. Ushahidi uko wapi? Ulilisajili? Ulipata hati ya hakimiliki?"

"Kusajili ni kwa waoga. Simba hasajili mngurumo wake."

"Simba hachapishi vitabu. Endelea."

Nikaeleza mtego wangu wote, kuanzia kichwa hadi mkia. Nikawaomba wafungue ule mswada niliowaletea, ubeti wa kwanza, mstari wa tatu. Mhariri akausoma kwa sauti:

"Ila bonde la mzazi, pamba limekataa."

"Hesabuni," nikasema, na kifua kimenijaa. "Kipande cha pili kina saba badala ya nane. Hicho ndicho kilema, nimekitia mwenyewe."

Mwenyekiti akahesabu kwa vidole juu ya kichwa cha fimbo. "Saba," akakiri.

Lakini Mhariri alikuwa ananitazama kwa jicho jingine. "Ngoja. Huu ni mswada ulionipa mimi. Mimi, mchapishaji wako. Nao una kilema?"

"Wote una vilema. Kila shairi."

"Kwa nini?"

"Ningejuaje kama na wewe si mwizi? Nilikuwa niyanyooshe siku ya mwisho, kabla ya mtambo."

Mwenyekiti akafungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaisukuma mbele yangu juu ya meza. Yalikuwa maoni yake juu ya kitabu changu. Niliusoma mstari mmoja tu: *Kijana ana moto, lakini kila shairi lake linachechemea mahali. Hajajua mizani.*

Masikio yaliniwaka. "Mimi sijui mizani?"

"Ningejuaje unajua, mwanangu, na umenificha?"

"Basi someni la Mwanana!" nikapaza sauti. "Someni, muone kilema changu kinavyochechemea kwenye ukurasa wa mwizi!"

Mhariri akaufungua ukurasa kwenye kompyuta, akaugeuzia upande wa Mwenyekiti. Mzee akasoma, kidole kikigonga fimbo. Akarudia. Kisha akajiegemeza kitini.

"Nane," akasema.

"Haiwezekani."

"Nane kwa nane. Hauchechemei." Akavua kofia, akaipangusa, akaivaa. "Sasa mwanangu, nitakuambia jambo kwa mapenzi. Nimeishi na mashairi tangu hujazaliwa. Shairi likinakiliwa kwa kusikilizwa mlangoni, linapungua silabi. Halizidi. Kati ya haya mawili, lenye kilema ni lako. Mtu asiyekujua atasema nani amemnakili nani?"

Nikauvuta mswada upande wangu.

"Lakini mimi ndiye niliyelitoa kwanza!"

"Mwizi huwa na mbio kuliko mwenye mali."

"Na tarehe? Na watu waliolisifia ukurasani kwangu?"

"Ukurasa upi?" Mhariri akauliza polepole. "Ule uliofuta?"

Wasomaji wangu, kuna wakati mtu anajiona anavyochimba shimo, na jembe bado liko mkononi mwake. Nilisimama, nikazunguka meza bila kuombwa, nikainamia ile kompyuta nione huyo fundi mwizi ameuziba vipi mguu niliouvunja. Nilitegemea kiraka. Mtu angeliacha neno langu "pamba" na kuchomeka silabi popote, akaondoka.

Hakikuwa kiraka.

*Kiti chake kipo wazi, hakuna anayekaa,*
*Kwa sindano na kwa uzi, nimeshona kitambaa,*
*Ila bonde la mzazi, sufi limeikataa,*
*Kiti hakijawa kiti, mwenyewe hajanyanyuka.*

Sufi.

Siku hizi nani anajaza kiti kwa sufi? Sisi tunatumia sponji. Kiti cha baba peke yake ndicho kilichokuwa na sufi, na neno hilo nililitoa kwenye shairi kwa makusudi, nikaweka pamba, ili lisijulikane. Mstari ule mzima sikuwahi kuuandika popote. Niliughani mara moja tu maishani mwangu, nyumbani kwetu, siku niliyomrudishia mama kile kiti.

Mwanana hakuliokota shairi langu mtandaoni. Lilitoka nyumbani kwetu.

"Huu ndio wenyewe," nikasema. "Huu ndio mstari wangu wa kweli, neno kwa neno."

Mwenyekiti akatabasamu kwa huzuni. "Kila anayekutwa na mali ya mtu husema hivyo."

"Naapa..."

"Usiape," akanikata Mhariri. "Mwanana nimemwita pia. Amefika, nasikia ngazi."

*

Mlango ulipofunguliwa niliona kwanza koti jeupe la duka la dawa, na kalamu mfukoni. Nikajua kabla sijauona uso.

"Dada?"

"Usiniite dada kwa sauti hiyo," dada yangu akasema. "Hapa nimekuja kama Mwanana."

Huyu ndiye dada aliyeniambia miaka yote kwamba mashairi hayaliwi. Huyu ndiye aliyekuwa akipita nyuma yangu nikitunga, akisema, "Umeanza tena kuhesabu hewa?" Kumbe ana ukurasa, na ukurasa una maelfu!

"Umeniibia!" Nilipiga meza, miswada ikaruka. "Mwizi wa ndani ya nyumba! Kikulacho ki nguoni mwako!"

"Piga tena, labda itakujibu."

"Ulisikia wapi ule mstari?"

"Chumba cha pili. Unadhani ukuta wa nyumba yetu ni wa benki? Ulimghania mama, nikasikia. Nililia, kama unataka kujua. Nikasema, kumbe huyu mpumbavu anajua." Akamgeukia Mwenyekiti. "Samahani, mzee wangu."

"Endelea, binti."

"Halafu akaliweka mtandaoni. Majirani wakaja na simu zao kumsomea mama: njoo usikie mwanao alivyomwimba marehemu. Mama anasikiliza, anatabasamu. Wakafika pale. Pamba!" Dada alinielekezea kidole. "Mama akaniuliza, kwa nini mwanangu amesema pamba? Amesahau kiti cha baba yake? Na kwa nini mstari umejikwaa? Nilimjibu nini mimi? Kwamba ulimvunja baba mguu ili umnase mwizi?"

"Ulikuwa mtego!"

"Mtego wa mwizi, aliyenaswa ni mama. Nikaliweka zima, asomewe zima. Basi."

"Bila jina langu!"

"Na langu lilikuwepo? Mwanana ni jina la mtu?"

"Ungeandika Kiberiti!"

"Ningeandika uongo." Sasa sauti yake ilishuka, na ndipo nilipoogopa. "Sema hapa mbele ya wakubwa. Ulipoleta kile kiti, mama alisema nini, kabla wewe hujafungua mdomo wako?"

Nilitazama dirisha.

"Sema."

"Alisema mengi. Alikuwa na majonzi."

"Alikishika pale katikati, akasema, 'Mwanangu umejisumbua. Bonde la baba yenu hili, hata ulijaze sufi yote ya dunia, litaikataa.' Ukatoka uani. Ukarudi na shairi."

Mhariri aliweka kalamu chini. Mwenyekiti alikuwa ananitazama, wala hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Ni kweli?" akauliza.

"Maneno ya mama ni maneno," nikasema. "Kila mama anasema. Nani aliyeyapanga nane kwa nane? Nani aliyeyatia vina? Ile sufi ilikuwa kwenye gunia, mimi ndiye niliyekishona kiti!"

"Basi ungeandika jina la mwenye gunia," dada akasema. "Kitabu kizima umekiita Bonde la Kiti. Bonde ni la nani?"

Niwaambie ukweli, ningeweza kuikubali hoja ile. Ingenigharimu mstari mmoja tu mwanzoni mwa kitabu: maneno haya niliyapata kwa mama. Mstari mmoja! Lakini mimi ni Kiberiti.

"Muulizeni mama mwenyewe," nikasema. "Akisema si langu, nalichana hapa mbele yenu."

Mhariri akanitazama, kisha dada. "Mnajua mnachoomba? Mama akisema shairi ni la kijana, basi Mwanana amezuia kitabu changu kwa uongo, na nitamfikisha kunakohusika. Akisema si lake, kitabu hakitoki na chama kitamfuta kijana. Nimekwisha kusema, sichapi ugomvi."

"Piga," nikasema.

Dada alitoa simu, akakosea namba mara mbili. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba na yeye anaogopa.

*

"Haloo? Nani?"

"Mama, ni mimi. Nimekuweka kwenye spika."

"Spika ya nini? Sauti yako inatoka kisimani."

"Mama, niko na mdogo wangu. Tuko kwa watu wa kitabu."

Mhariri akajisogeza karibu na simu, akamwamkia, akaeleza kwa upole: shairi la kiti, ugomvi, swali. Mtunzi ni nani?

Nilimsikia mama akiweka kitu chini.

"Nikisema ni la huyu," akauliza hatimaye, "yule mtamfanya nini?"

"Mama yangu, tunataka ukweli tu," Mhariri akasema.

"Ukweli hauna tu, binti yangu. Nimeuliza, yule mtamfanya nini?"

Dada aliziba mdomo kwa mkono. Na mimi, nisiyekosa neno, nilikuwa nahesabu misumari ya meza ile kwa macho.

"Haya," mama akasema. "Kwa kuwa mnagombea mashairi, sikilizeni shairi."

Akaanza kughani.

Sikuwahi kumsikia mama akighani. Nyumbani kwetu mama huimba akiosha vyombo, na huimba vibaya. Hii haikuwa sauti ile. Ilikuwa sauti iliyonyooka, iliyojua pa kupumua. Akaughani ubeti wangu wa kwanza, wenye sufi. Akaughani wa pili. Nikaanza kutabasamu, nikamtupia dada jicho: unasikia? Anajua ni langu, ameyashika yote.

Kisha akaingia ubeti ambao mimi sijautunga.

*Siku kilipoingia, kiti kikinuka mbao,*
*Mimi nilikikalia, kwanza kuliko babao,*
*Bonde nililoanzia, leo wapigana wao...*

Nikamtazama dada. Dada alitikisa kichwa. Hata yeye hajawahi kuusikia.

Nane kwa nane. Nilihesabu nikaishiwa na vidole. Haukuchechemea popote. Mimi nimesota na vitabu vibovu nikijifunza kitu hiki, nikiamini katika nyumba yetu nimekuwa wa kwanza, na mama anakitoa kwenye simu huku labda anachambua mchele.

Mstari wa nne haukuja. Mama alikuwa amesimama hapo, anavuta pumzi.

Ndipo niliposikia kiti kikikwaruza sakafu. Mwenyekiti alikuwa amenyanyuka. Kofia ilikuwa mkononi, na midomo yake ilikuwa imepauka kama mtu aliyeitwa na jina lake la utotoni. Mzee huyu, ambaye washairi wote wa chama humwendea kwa kuinama, aliinama mwenyewe mbele ya simu ya dada yangu.

"Shikamoo, dada," akasema.

Fimbo ikamtoka, ikaanguka sakafuni.

"Marahaba," mama akajibu. Hakuna aliyekuwa amemwambia jina la mzee yule, wala kwamba yumo chumbani. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Wewe ndiye umekaa hapo kuwahukumu wanangu? Kwa wizi wa mashairi?"

Mwenyekiti hakuketi, wala hakuivaa kofia. Mhariri alikuwa anatazama ukutani, na mimi nikafuata macho yake. Pale yalikuwa yametundikwa, katika fremu, majalada ya vitabu vyote vya mzee yule.

"Waambie, basi, yale mashairi yako uliyachukua kwa nani," mama akasema. "Au niwaambie mimi?"